Maikrofoni ya Bei Nafuu Ilivyofungua Mlango wa Studio

Lugha yetu ina jina moja linalowachanganya watu wengi, nalo ni "kipaza sauti". Ukienda kwenye mkutano wa hadhara, kile anachokishika msemaji mkononi huitwa kipaza sauti, na lile boksi kubwa linalonguruma juu ya nguzo nalo huitwa kipaza sauti. Lakini kazi za vitu hivyo viwili hazifanani hata kidogo. Boksi hutoa sauti. Kile cha mkononi hakipazi chochote, chenyewe husikiliza tu. Ni sikio. Katika maongezi yetu ya juma hili nitakiita maikrofoni, ili tuelewane.

Nimeichagua mada hii kwa sababu watu wengi wanauliza swali moja. Vijana wa muziki, viongozi wa kwaya, walimu wa madrasa, vikundi vya akina mama na hata wazee wanaotaka kuhifadhi historia ya ukoo wao wanauliza: tununue maikrofoni gani ili turekodi nyumbani? Wengine huuliza wakiwa wameshachangishana fedha, wengine wameshakopa. Ikiwa fedha za mchango zitatumika kununua chombo cha kifahari ambacho hakifai mahali kinapowekwa, hasara ni ya kikundi kizima, na rekodi yenyewe haitapatikana. Kwa hiyo, badala ya kutaja tu majina ya madukani, hebu tuipitie historia. Swali hili limekwisha kujibiwa mara kadhaa, na jibu halijabadilika sana.

Hapo mwanzo maikrofoni haikuwamo kabisa katika kazi ya kurekodi. Thomas Edison wa Marekani alitengeneza mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877, na miaka kumi baadaye Emile Berliner akaleta sahani bapa, mama wa santuri tunazozijua. Mashine hizo hazikutumia umeme katika kunasa sauti. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa kama tarumbeta, sauti yake ikatikisa utando mwembamba, na utando ukaisukuma sindano iliyochora mfereji katika nta. Hapakuwa na kitufe cha kuongeza wala kupunguza. Fundi alipotaka sauti ya mwimbaji isikike zaidi, alimsogeza mwimbaji karibu na pembe, na alipotaka tarumbeta isimfunike, aliipeleka nyuma kabisa ya chumba.

Tafadhali likumbuke jambo hilo, kwa maana tutalirudia. Chombo cha kwanza cha kupanga sauti katika historia ya kurekodi kilikuwa ni umbali, na umbali hauuzwi dukani.

Mnamo mwaka 1925 makampuni makubwa ya santuri yalianza kutumia umeme, na hapo ndipo maikrofoni ilipoingia studio. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1928, Siti binti Saad wa Unguja, yule mwanamke wa Fumba aliyeanza maisha ya mjini kwa kuuza vyungu, alipanda meli pamoja na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za taarabu katika santuri. Tafakari safari hiyo. Kutoka Zanzibar hadi Bombay ni kuivuka Bahari ya Hindi. Sababu ya kuivuka haikuwa uhaba wa waimbaji au wapigaji hapa kwetu, bali mashine ilikuwa kule na wenye mashine walikuwa kule. Hata urefu wa wimbo uliamuliwa na mashine, kwani uso mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba kama dakika tatu tu. Wimbo ambao barazani ungechukua muda mrefu ililazimu ukatwe ili uenee.

Leo tunaisikia sauti ya Siti kwa sababu alipata nafasi hiyo. Waimbaji wangapi wa zama zake hawakuipata? Hatuwezi kuwahesabu, kwa kuwa hawakuacha sauti. Hilo ndilo lililo mezani kila tunapozungumzia bei ya vyombo hivi. Mwenye ufunguo wa studio ndiye aliyeamua sauti ya nani ibaki na ya nani ipotee.

Baada ya santuri ikaja kanda ya sumaku. Wajerumani wa kampuni ya AEG, wakisaidiana na BASF waliotengeneza utepe wenyewe, walionyesha mashine ya Magnetophon mjini Berlin mwaka 1935. Vita vilipomalizika, mwanajeshi wa Kimarekani, Jack Mullin, alirudi kwao na mashine mbili za aina hiyo, na mwaka 1947 mwimbaji Bing Crosby akaanza kuzitumia katika kipindi chake cha redio. Kanda ilileta mambo mawili makubwa. Ukikosea, ulifuta na kurudia, na ukitaka kuunganisha, ulikata kwa wembe na kugundisha. Wakongwe wa redio wanaijua vizuri kazi hiyo ya wembe.

Hapa kwetu matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa miaka mingi studio ya RTD ndiyo iliyokuwa tegemeo la bendi za Bara. Bendi ilipangiwa siku, ikaingia studio, ikapiga wimbo kwa pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kanda ikaenda maktaba. Kazi hiyo imetuachia hazina kubwa. Lakini mlango ulikuwa mmoja, na foleni ndefu.

Waliotaka santuri walitazama Nairobi, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na makampuni ya santuri na viwanda vya kuzifyatua. Baadhi hawakurudi. Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili wa Tanga, waliingia Kenya mwaka 1971 na kuunda Simba Wanyika, bendi iliyokuja kuitikisa Afrika Mashariki yote. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa. Njia ya Nairobi ikawa ngumu, na mpaka haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1983.

Wakati huo, hata hivyo, kulikuwa na mapinduzi ya kimya yaliyokuwa yakiendelea. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitoa kaseti ndogo, ile ambayo wengi wetu tumeikaza kwa kalamu ya wino au ya risasi. Na mwaka mmoja kabla yake, yaani 1962, katika maabara ya Bell huko Marekani, wanasayansi wawili, Gerhard Sessler, Mjerumani, na James West, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1931 wakati wa ubaguzi mkali wa rangi, walibuni maikrofoni ya elektreti.

Nieleze kidogo. Tangu mwaka 1916, E. C. Wente alipobuni maikrofoni ya kondensa, mafundi walijua kwamba aina hiyo husikia sauti kwa usafi wa hali ya juu. Ndani yake mna utando mwembamba mno ulio mbele ya bamba, na vyote viwili hupewa chaji ya umeme. Utando unapotikisika, umeme hubadilika. Tatizo ni kwamba ilihitaji umeme wa nje muda wote, na utengenezaji wake ulikuwa wa gharama. West na Sessler walitumia utando wa plastiki unaoshika chaji kwa muda mrefu mno bila kuhitaji kuchajiwa kila wakati. Maikrofoni ikawa ndogo kama kifungo cha shati, na bei yake ikaporomoka. Ndiyo iliyoingia katika redio-kaseti. Ndiyo iliyomwezesha mtu kuweka redio yake juu ya meza harusini, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akaondoka na taarabu nzima. Mombasa, Mbwana Radio Service walirekodi taarabu na kuisambaza kwa kaseti. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na haja ya kupanda meli wala kupanga foleni.

Sasa twende kwenye studio ya nyumbani yenyewe. Mwaka 1979 kampuni ya Kijapani ya TEAC ilitoa chombo kilichoitwa Portastudio, kilichoweza kunasa njia nne tofauti katika kaseti ya kawaida. Maana yake mtu mmoja aliweza kupiga gitaa katika njia ya kwanza, akarudi na kuimba katika njia ya pili, akaongeza kinanda katika ya tatu. Mwanzoni mwa mwaka 1982 mwanamuziki Bruce Springsteen alikaa nyumbani kwake New Jersey akiwa na chombo hicho na maikrofoni mbili za Shure SM57. Alikusudia kutengeneza sampuli tu za kuwaonyesha wenzake wa bendi. Baadaye waliingia studio kubwa na kuzirudia nyimbo hizo, lakini hawakuweza kuipata ile hali ya chumbani. Mwishowe kaseti ile ile ya nyumbani ndiyo iliyotolewa sokoni, kwa jina la Nebraska.

Mwaka huo huo wa 1982 ilitoka Thriller ya Michael Jackson. Hiyo ilirekodiwa Los Angeles, katika studio isiyokosa kitu. Fundi wake, Bruce Swedien, angeweza kuchukua maikrofoni ya gharama yoyote aliyoitaka. Kwa sauti ya Jackson alitumia sana Shure SM7, ambayo kwa ndani ni ndugu wa damu wa ile SM57 ya Springsteen.

Kwa nini mafundi wanaojua kazi yao huchukua maikrofoni za namna hiyo? SM57 ilitoka mwaka 1965 na SM58, ile yenye kichwa cha mviringo ambayo kila mtu ameiona jukwaani, ikatoka mwaka 1966. Zote mbili ni maikrofoni za dainamiki. Ndani mna koili ya waya inayocheza katikati ya sumaku, basi. Haihitaji umeme, haidhuriwi upesi na vumbi wala unyevu, na ikianguka mara nyingi utaiokota na kuendelea. Bei yake huko Marekani ni kama dola 100, wakati maikrofoni maarufu ya kondensa ya Neumann U87, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1967, inazidi dola 3,000.

Lakini kwa mtu wa nyumbani, faida kubwa ya dainamiki ni ile inayoonekana kama kasoro. Haisikii sana. Maikrofoni ya kondensa husikia kila kitu: sauti yako, feni ya jirani, bodaboda inayopita, jogoo, na zaidi ya yote, chumba chenyewe. Nyumba zetu nyingi za mjini zina kuta za saruji, sakafu ya vigae, dirisha la kioo na dari ngumu. Sauti ikitoka mdomoni hugonga ukutani na kurudi, na kondensa huikusanya yote. Matokeo yake ni sauti inayosikika kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mnunuzi hulaumu maikrofoni, kumbe maskini imefanya kazi yake kwa uaminifu. Studio kubwa hununua kondensa za bei mbaya kwa sababu zimeshatumia fedha nyingi zaidi katika kutengeneza chumba.

Basi, ndugu msikilizaji, na wewe unayesoma gazetini, mafunzo ya historia hii ni haya.

La kwanza, anza na chumba. Chagua chumba kidogo chenye vitu laini: kitanda chenye godoro, kabati la nguo lililo wazi, mazulia, mapazia mazito. Tundika mablanketi mawili nyuma ya anayeongea na ubavuni mwake, kwani maikrofoni inatazama upande huo. Piga kofi moja usikilize. Ukisikia mlio unaofuatia, chumba bado. Kumbuka pia kwamba chini ya bati hakuna mablanketi yatakayoshinda mvua, na kwamba feni na friji huzimwa wakati wa kazi.

La pili, tumia umbali, kama mafundi wa pembe. Mdomo uwe kama shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni ya dainamiki, au pungufu kidogo. Elekeza pumzi pembeni kidogo ili herufi "p" na "b" zisipige kama ngumi. Mwenye sauti kubwa arudi nyuma, mwenye sauti ndogo asogee. Ukisogea karibu mara mbili, sauti yako huzidi kelele za chumba kwa kiasi kikubwa, na hapo umeiboresha rekodi bila kutoa shilingi.

La tatu, usinunue maikrofoni peke yake. Maikrofoni ya studio haichomekwi katika kompyuta moja kwa moja. Inahitaji kisanduku ambacho wauzaji hukiita intafesi, ambacho huikuza sauti na kuigeuza kuwa tarakimu. Kisanduku chenye tundu moja au mawili kinatosha mzungumzaji au mwimbaji mmoja mmoja. Hakikisha kina uwezo wa biti 24, na kama utatumia kondensa, hakikisha kinatoa umeme wa volti 48 unaopitia katika waya huo huo wa maikrofoni. Ongeza waya mzuri, stendi isiyoyumba, na hedifoni zinazofunika masikio. Hedifoni ni muhimu kwa sababu bila hizo hutayasikia makosa mpaka utakapokuwa umeyasambaza. Asiye na fedha ya kisanduku anaweza kununua maikrofoni inayochomekwa kwa waya wa USB. Ila ajue kwamba siku akitaka kuongeza ya pili, mara nyingi atalazimika kuanza upya.

La nne, programu isikutoe jasho. Audacity imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 2000, nayo inakata, inaunganisha na kusafisha sauti. Kazi iliyotuchukua saa nzima kwa wembe na gundi sasa ni ya dakika moja. Rekodi kwa kiwango cha wastani, taa nyekundu isiwake, kwani sauti iliyopasuka katika tarakimu haishoneki.

La tano, jihadhari na bandia. Maikrofoni zilizobeba majina makubwa bila kutoka katika viwanda hivyo zimeenea katika masoko mengi duniani. Ukikuta SM58 kwa robo ya bei yake, jiulize. Afadhali maikrofoni halali ya kampuni ndogo isiyojulikana kuliko ya bandia yenye jina kubwa. Kabla ya kulipa, omba ijaribiwe: rekodi nusu dakika ya maneno na nusu dakika ya ukimya, kisha sikiliza ule ukimya kwa hedifoni. Ukisikia mvumo au mkwaruzo, iache dukani. Dai risiti.

Na je, asiye na fedha kabisa? Simu iliyo mfukoni mwake ina maikrofoni ndogo, mjukuu wa kazi ya West na Sessler. Aiweke shubiri moja au mbili kutoka kwa msemaji, juu ya kitambaa kilichokunjwa, katika chumba kilicholainishwa kama nilivyoeleza, na aizime mitandao ili isiite. Rekodi hiyo itaishinda ile ya maikrofoni ya dola 3,000 iliyowekwa katikati ya sebule ya vigae. Sisemi hivyo kwa mzaha.

Historia ya hapa kwetu inaonyesha kinachotokea bei inaposhuka. Mwaka 1993 sheria iliruhusu redio za watu binafsi Tanzania, na mwaka uliofuata Radio One ikasikika. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 studio ndogo za Dar es Salaam, kama Mawingu, MJ Productions ya Master J na Bongo Records ya P-Funk Majani, ziliwapokea vijana ambao hawakuwa na bendi, hawakuwa na magitaa, na wasingeweza kupangiwa siku katika studio yoyote ya zamani. Ikazaliwa Bongo Fleva. Unaweza kuipenda au usiipende. Lakini huwezi kukana kwamba ilizaliwa pale mlango ulipofunguliwa.

Leo mlango huo umebaki wazi kabisa, na hatari imehamia upande mwingine. Zamani sauti zilipotea kwa kukosa mashine. Siku hizi zinapotea kwa sababu kikundi kinasubiri kupata maikrofoni ya kifahari, mwaka unapita, na bibi aliyekuwa na nyimbo za unyago au mzee aliyekuwa na historia ya kijiji ametangulia mbele ya haki. Au wamerekodi, lakini katika simu moja tu, nayo ikaibwa. Kwa hiyo weka nakala mbili au tatu, mahali tofauti, na andika jina la msemaji, mahali na tarehe. Maktaba zote za redio zinajua kwamba kanda isiyo na maandishi ni sawa na kanda isiyokuwapo.

Kama kikundi chako kina fedha kidogo, nunueni dainamiki moja ya kuaminika, kisanduku cha tundu moja, stendi na hedifoni, kisha azimeni mablanketi kwa majirani. Mkianza Jumamosi hii, Jumapili mtakuwa na jambo la kusikiliza.

Hadi juma lijalo, kwaherini.